Laki tatu kwa dina ya watu wawili, ni halali kweli?

SWALI: Anti habari za kazi. Mwezi ujao mimi na mume wangu tunatimiza miaka kumi ya ndoa na yeye kang'ang'ania twende Arusha tukale dina kwenye hoteli moja kule njia ya Usa River, ile ya kuletewa visahani saba vidogovidogo. Bei laki na nusu kwa kichwa, vinywaji mbali. Mi nimegoma, laki tatu hapa Moshi nanunua mbuzi tunakula na ukoo mzima. Kaniita mshamba. Hivi hicho chakula kina nini?
Mama D, Pasua, Moshi

JIBU: Mama D, hongereni sana kwa miaka kumi. Na hilo neno mshamba baba D alifute, maana kuuliza hela ya nyumba inaenda wapi ni haki yako kabisa.

Iko hivi, nyama na mboga zilizoko kwenye sahani ni sehemu ndogo tu ya hiyo laki na nusu, kubwa unalolipia ni kiti na mikono ya watu. Kwa mama ntilie pale soko la Kilombero, Arusha, benchi moja mchana halipoi, huyu anainuka yule anakaa, ndo maana sahani ya bei ndogo inamlipa. Kule hotelini meza ni yenu usiku mzima, hakuna mwingine atakayeikalia, na mpishi, wahudumu, gesi, umeme, hadi vitu vilivyooza friji kwa sababu jana wageni hawakuja, vyote vinalipwa na nyie wachache mliokuja. Chukua sosi tu, ile ya vijiko viwili pembeni ya nyama: mifupa inaokwa mpaka iwe kahawia, inachemshwa masaa na masaa, inachujwa, inarudi tena jikoni ipungue mpaka ing'ae na kunata kwenye kijiko, yaani sufuria zima linabaki kikombe. Wewe unayejua mtori unavyotaka subira utaielewa hiyo kazi.

Na bado kwa bei hizo wenyewe wanahangaika. Noma ya Copenhagen kule Denmark, yenye nyota tatu za Michelin, yaani daraja la juu kabisa la kitabu cha kupima migahawa, na iliyotajwa mara tano kuwa mgahawa bora duniani, Januari 2023 mpishi wake René Redzepi alisema wazi kwamba kuendesha mgahawa wa namna ile hakuendeki tena, na vijana waliokuwa wanajifunza kazi pale walifanya bila mshahara mpaka 2022. Hiyo inaniuma mpaka leo, hela yote ile ya mgeni halafu anayechambua majani jikoni hapati kitu.

Sasa nyie. Kama hela ni akiba na ada ya watoto haijaguswa, nenda mama, masaa matatu na mumeo bila mtu kuita "mamaa" ni kitu ambacho mbuzi hawezi kukupa. Kama ni mkopo wa simu, hapana, hapo nasimama na wewe.

Ila msiende kichwakichwa. Pigeni simu muulize kama bei ina VAT ile asilimia 18 ndani, na wakiwatajia dola kataeni, tangu 2025 serikali imepiga marufuku bei za fedha za kigeni. Halafu uliza vitu wanatoa wapi. Mi hoteli ya Arusha ikinipa mboga iliyopanda ndege wakati Meru wanalima za kuuza mpaka Ulaya, au kahawa ya kopo wakati mbuni uko hapo Kibosho, siilipi laki na nusu hata kwa dawa, bora mwende mchana mle sahani mbili tatu za kawaida mrudi Moshi na chenji.

Mbuzi mchinjeni Krismasi, ukoo wote ukiwa umepanda nyumbani.