Umerudi Kutoka Misheni? Anza na Waliobaki Nyumbani

Agosti 2024 tulikwenda misheni wilayani Mpwapwa, watu kumi na tisa kutoka kanisa letu la Anglikana hapa Dar es Salaam. Tulikaa siku kumi na mbili. Mimi na wenzangu wanne tulipokelewa kwa mwinjilisti wa kijiji, nyumba ya vyumba vitatu yenye watu tisa hata kabla hatujafika. Naandika kwa ajili yako wewe unayerudi sasa hivi kutoka safari kama ile, au unayejiandaa kwenda. Najua unavyojisikia ukishuka kwenye gari na begi lako lenye vumbi. Moyo umejaa, na unatamani nyumba yako, jumuiya yako na kanisa lako lote liwe kama kule ulikotoka.

Mambo mawili ya kule yalinishika kuliko mahubiri yote.

La kwanza ni sinia. Jioni ugali wa uwele uliwekwa katikati na bakuli la mlenda pembeni, tukakaa kwenye mkeka tukiwa saba au wanane. Hakuna aliyemega kabla wote hawajanawa. Kama mtoto alikuwa bado yuko njiani na ndoo ya maji, tulimsubiri. Na kipindi kile cha kiangazi maji hayakuwa karibu: akina mama walichimba kwenye mchanga wa mto uliokauka, wakasubiri maji yajikusanye, wakachota kwa kata, kidogo kidogo mpaka ndoo ijae. Mtoto angeweza kuchelewa saa nzima. Ugali ulipoa na hakuna aliyelalamika.

La pili lilikuja usiku. Kabla ya kulala mwinjilisti aliuliza swali moja, kila siku lile lile: "Kuna mwenye neno na mwenzake?" Halafu alinyamaza. Ukimya ule ulinitisha siku mbili za kwanza. Siku ya tatu dada mmoja wa timu yetu alimwambia mwenzake, mbele yetu sote, kwamba tangu asubuhi alikuwa amemwekea kinyongo kwa sababu ya namna alivyomjibu mbele ya wageni. Mwenzake akalia. Wakaombana radhi, tukaimba, tukalala. Asubuhi wale wawili walikwenda mtoni pamoja.

Mwinjilisti alituambia kwamba hakulibuni yeye swali lile. Alilirithi kwa wazee wa Uamsho wa Afrika Mashariki, ile harakati ya Wakristo ya kutubu na kuungama wao kwa wao. Ukifuatilia historia hiyo utafika kilima cha Namirembe, Kampala, mwaka 1929, pale Simeoni Nsibambi, Mganda, na Joe Church, daktari Mwingereza, walipokaa pamoja kusoma Biblia na kuomba. Kisha Church alirudi Gahini, Rwanda, kwenye hospitali yake na wagonjwa wake. Moto ulioenea miaka ya 1930 mpaka Uganda, Kenya na Tanganyika uliwaka katika sehemu za kazi za namna hiyo: hospitalini, shuleni, majumbani, kati ya watu wanaoonana kila siku na kukoseana kila siku. Neno walilolishika ni 1 Yohana 1:7, "twashirikiana sisi kwa sisi". Mzungu na Mwafrika waliungama wao kwa wao, na enzi zile za ukoloni hilo halikuwa jambo dogo.

Basi, nilirudi. Treni ya SGR ilitutoa Dodoma mchana, na usiku nilikuwa Kimara. Sikuvua hata viatu. Nilianza kusimulia: wangapi wameokoka, jinsi tulivyoombea wagonjwa, jinsi watu wale wanavyopendana kuliko sisi wa mjini. Nilimwambia mke wangu kwamba kuanzia kesho tutaamka saa kumi na moja alfajiri sote, tuombe kama kule, na televisheni nitaifunga. Alinisikiliza mpaka mwisho. Kisha akaniambia kwa sauti ya chini, "Baba watoto, mdogo aliumwa. Malaria. Siku tatu."

Sikuwa nimejua. Mtandao kule ulipatikana ukipanda mlimani tu, na yeye hakutaka kunihangaisha. Usiku wa kwanza, homa ilipopanda, aliyempeleka hospitali ni jirani yetu wa ukuta kwa ukuta, mama mmoja wa Kiislamu ambaye kwa miaka minne nilikuwa namsalimia tu getini. Yeye ndiye aliyetafuta bajaji, akalipa, akakaa na mke wangu mpaka alfajiri. Kesho yake akaleta uji.

Sikiliza, ndugu yangu uliyerudi. Wakati mimi nashangaa Mpwapwa jinsi watu wanavyobebeana mizigo, mlangoni kwangu mtu alikuwa anaubeba wa kwangu. Mungu hakusafiri na mimi akaiacha nyumba yangu tupu. Kwa hiyo ushauri wangu wa kwanza, na ungekuwa mmoja tu ningekupa huo: ukifika, uliza kabla hujasimulia. Mmeamkaje siku zote hizi? Nani aliumwa? Nani alikuja kuwaona? Mlikula nini? Aliyebaki na watoto ili wewe uende, yeye pia alikuwa kwenye huduma ile ile. Mshukuru kwa maneno anayoweza kuyasikia, kisha mpumzishe. Mimi nilipaswa kuwaogesha watoto wiki nzima kabla ya kusimulia lolote.

Ile ibada ya saa kumi na moja ilidumu siku nne. Kijijini niliamka alfajiri kwa kuwa tulilala saa tatu usiku. Hapa natoka kazini Kariakoo jioni, napanda mwendokasi, nafika nyumbani karibu saa mbili. Mtoto wa darasa la sita alikuwa anasinzia kwenye maombi, na mimi namkemea kwa jina la kiroho. Hiyo ilikuwa kumwonea mtoto. Nilimwomba msamaha.

Baadaye nilielewa kwamba tabia ya kule ilikuwa na saa yake, mahali pake na watu wake. Mimi nilibeba tabia tupu, nikaitupa kwenye nyumba yenye saa nyingine. Chagua moja tu, itafutie saa yake hapa ulipo. Sisi tulichagua sinia, tena Jumatano peke yake, kwa sababu siku hiyo mke wangu hatoki dukani kwake jioni sana. Tulinunua sinia kubwa la bati. Simu zinawekwa juu ya kabati, mkeka unatandikwa sebuleni, na hakuna anayemega kabla wote hawajanawa. Wali au ugali, kilichopo. Mwezi wa kwanza watoto waliona ni adhabu. Mwezi wa pili yule wa darasa la sita ndiye aliyekuwa anatandika mkeka.

Jirani yetu tulimkaribisha na anakuja na binti yake. Tunaomba kwa jina la Yesu kama kawaida yetu, naye hukaa kwa heshima; hatumhubirii akiwa na tonge mkononi. Ameshaniuliza mambo mengi kuhusu Mpwapwa kuliko watu wa kanisani kwangu.

Lile swali la usiku lilikuwa gumu zaidi, na hapa nakuomba uende taratibu sana. Kule liliulizwa na mzee ambaye wote waliwahi kumsikia akiungama la kwake. Ukiliuliza nyumbani wewe uliye baba, watoto watasikia mahakama. Nilianza kwa kuungama mimi. Nilimwambia mke wangu, mbele ya watoto, kwamba nilikosea kumjibu vile kuhusu ada ya shule. Wiki tatu mimi peke yangu ndiye niliyesema. Wiki ya nne aliyesema alikuwa mtoto mdogo, na kosa lake lilikuwa sukari. Sasa tunalifanya Jumatano hiyo hiyo, baada ya kunawa mikono ya mwisho. Paulo aliwaandikia Waefeso jua lisichwe na uchungu wetu bado haujatutoka. Sisi bado hatujafika kwenye kila jua, tuko kwenye Jumatano.

Kanisani, usisimame Jumapili ya kwanza kuwaambia watu kwamba wamepoa. Walichangia nauli yako. Soma mwisho wa Matendo 14: Paulo na Barnaba walirudi Antiokia, wakalikusanya kanisa, wakaeleza aliyoyafanya Mungu, kisha wakakaa pale muda mrefu pamoja na wanafunzi. Eleza, halafu kaa. Ingia kwenye zamu ya kufagia. Nenda msibani. Na grupu la WhatsApp la timu ya misheni usilitegemee likutunze. Letu lilijaa shuhuda mwezi mmoja, sasa ni la kupongezana siku za kuzaliwa. Ninawapenda wale watu, lakini hakuna hata mmoja anayeishi Kimara.

Kuna na ahadi. Kule, ukiwa umeguswa, mdomo ni mwepesi: nitakutumia daftari, tutarudi na bati za kanisa. Mimi niliahidi mambo matatu kwa watu watatu. Andika ahadi zako zote siku ile ile unayorudi, mpigie mwinjilisti, mwambie ipi utaweza na ipi huwezi. Nilimpigia mwezi wa pili, nimechelewa na nimejaa aibu. Alinipokea vizuri. Akasema wageni wengi hawapigi kabisa.

Jumatano iliyopita mwendokasi ulijaa, nikapitwa na mabasi matatu. Nilifika saa tatu kasoro nikijua wameshakula na watoto wamelala. Nilikuta mkeka umetandikwa, sinia limefunikwa kwa kawa, na wote wameketi, jirani na binti yake wakiwemo. Mdogo alikuwa anasinzia begani kwa mama yake. Yule mkubwa akanyanyuka, akaniletea maji ya kunawa.