Maswali ya Wasomaji: Wageni wanakuja Kenya mara ya kwanza, waanzie wapi?

Shemeji yangu, mkewe na watoto wao wawili wa shule ya msingi wanakuja kwa basi kutoka Tabora kupitia Tanga, mwisho wa Januari. Hawajawahi kufika Kenya na tuna siku saba. Kila mtu ananitajia pahali pake: Fort Jesus, Tsavo, Watamu, Nairobi, hata Amboseli. Nipangeje?
*Mama Rukia, Kisauni*

Mama Rukia, Nairobi na Amboseli ziwache kwa safari nyingine. Ukizitia ndani ya siku saba, watoto watashinda garini, na Amboseli sifa yake kubwa ni kuuona Kilimanjaro, mlima ambao uko kwao. Mtu wa Tabora muonyeshe bahari. Kwa hivyo kabla ya kutafuta gari wala chumba, tazama mwezi.

Bamvua, yaani maji kujaa na kupwa kupita kiasi, huja siku moja hadi tatu baada ya mwezi mwandamo, na vivyo hivyo baada ya mwezi mpevu. Siku hizo tofauti ya maji kujaa na kupwa hapa kwetu hupita mita tatu, na maji hupwa kabisa asubuhi, kwenye saa nne hadi saa tano na nusu. Hapo ndipo mwamba hutokeza, fungu la mchanga likaonekana, na watoto wakatembea hadi mbali kutazama samaki na viti vya pweza. Kwenye maji mafu, ambayo tofauti ya kujaa na kupwa ni ndogo, karibu na tarehe 7 na 22 za mwezi wa Kiislamu, mambo hugeuka: saa hizo hizo za asubuhi maji yamejaa, na ni siku nzuri za kuogelea Nyali au Diani. Kila siku maji huchelewa kwa kama dakika 50. Wageni wengi hurudi wakisema ufuo wa Mombasa hauna maji, na sababu ni kwamba walipelekwa kuogelea saa tano ya bamvua.

La pili: msiwalete Mombasa kisha mkawarudisha kusini. Wakishavuka mpaka Horohoro na kuingia Lungalunga, basi lao litapita njia panda ya Shimoni kabla halijafika Diani. Wapokee hapo, mlale Shimoni, na asubuhi mtoke kwa boti kwenda hifadhi ya bahari ya Kisite. Januari ni kaskazi, msimu wa upepo wa kutoka kaskazini: maji ni maangavu na matumbawe huonekana vizuri. Toka mapema, saa mbili au saa tatu, kwa sababu upepo huongezeka mchana na kurudi huwa kwa kurushwarushwa. Watoto wale kitu chepesi kama saa moja kabla, wakae katikati ya boti na watazame mbali. Kichefuchefu huwapata zaidi walioinama na waliokaa omo, mbele ya boti.

Kabla ya kulipa, hakikisha mambo matatu: jaketi za kuokolea za kipimo cha watoto zipo botini, na si za watu wazima zilizofungwa kamba; miwani ya kuzamia inakaza usoni bila mkanda; na kama ada ya hifadhi imo ndani ya bei au haimo. Hili la tatu ndilo huzua ugomvi gatini. Raia wa Afrika Mashariki hulipa kama Mkenya, lakini lazima aonyeshe pasipoti au kitambulisho, na malipo ni ya simu au mtandao, si ya taslimu. Pomboo mkiwakuta, nahodha apunguze injini na asiwakatie njia. Wakifukuzwa huzama na kwenda zao. Msikanyage matumbawe, msinunue kombe wala kasa wa kukaushwa. Mkirudi, mpite kisiwa cha Wasini mtembee kwenye daraja la mbao la akina mama, juu ya bustani ya mawe ya matumbawe, halafu mapango ya Shimoni, ambako watumwa walifungwa kabla ya kuvushwa.

Siku ya tatu pandeni Shimba Hills kupitia Kwale. Ndiko mahali pekee Kenya unapomkuta porini palahala, swala mkubwa mwenye pembe ndefu zilizopinda. Kuteremka hadi maporomoko ya Sheldrick ni kama kilomita mbili pamoja na askari wa wanyamapori, na kupanda kurudi ndiko kunakochosha, kwa hivyo bebeni maji ya kutosha na raba, si ndara.

Kuingia mjini, kivuko cha Likoni kina foleni ndefu asubuhi na jioni. Barabara ya Dongo Kundu inakuzungusha hadi Miritini bila kuvuka feri. Fort Jesus, iliyojengwa na Wareno kati ya 1593 na 1596, iendeeni mapema kabla mawe hayajapata joto, na Mji wa Kale muutembee baada ya alasiri. Mavazi ya stara, na Ijumaa msipite mbele ya misikiti wakati wa sala. Jioni muwapeleke bustani ya Mama Ngina, kando ya bahari, wakale muhogo wa kukaanga kwa pilipili na ndimu, na dafu juu yake.

Siku zilizobaki ni za ufuo wa karibu na wewe, kulingana na maji. Mkitaka wanyama, someni jibu linalofuata.

Nina siku mbili tu na wageni wanataka ndovu. Tukipanda SGR tutawaona kutoka dirishani?
*Msomaji, Changamwe*

Pengine, lakini usiwaahidi. Treni hukimbia juu ya tuta, na wanyama hupita chini ya madaraja. Chukua treni ya asubuhi inayosimama vituo vya njiani, si ile ya moja kwa moja, na mshuke Voi. Fika kituo cha treni cha Miritini saa moja kabla, kwa sababu mizigo hukaguliwa na majina kwenye tiketi hulinganishwa na vitambulisho.

Gari la mbugani lipangwe mapema na lingoje kituoni. Lango la Voi la Tsavo Mashariki liko karibu na mji. Lipeni ada mkiwa bado Mombasa, maana mtandao ukikatika langoni mtapoteza saa za jioni, ambazo ndizo bora. Nendeni bwawa la Aruba alasiri: ndovu huja kunywa, wekundu kwa udongo wanaojipaka. Malango hufungwa saa kumi na mbili jioni, na dereva asiyeanza kurudi kwa wakati hukimbiza gari, jambo la hatari kwa wanyama na kwenu.

Siku ya pili, ikiwa gari lina nguvu na mmelala upande wa Mtito Andei, ingieni Tsavo Magharibi hadi chemchemi ya Mzima. Mvua ya vilima vya Chyulu hupenya mawe ya volkano na kuibukia hapo ikiwa safi kabisa, na sehemu yake hutiwa bomba kuja Mombasa. Wakazi wa mji huu wanapaswa kuiona chemchemi wanayokunywa. Kuna chumba chini ya maji cha kutazamia samaki, na kiboko akipita.

Wangu wanakuja Agosti. Bahari itafaa?
*Bwana S., Mtwapa*

Agosti ni kusi, msimu wa upepo wa kutoka kusini. Mawimbi ni makubwa, maji hayaonyeshi ndani kama Januari, na boti huweza kuahirishwa asubuhi ile ile, kwa hivyo usilipe yote mapema. Lakini ndio msimu wa nyangumi, wanaopita kati ya Julai na Septemba, na Watamu hutoka boti za kuwatafuta. Ukikosa bahari, Gedi iko karibu na hapo: mji wa Waswahili ulioachwa mwanzoni mwa karne ya 17, na tangu 2024 uko kwenye orodha ya Urithi wa Dunia. Una kivuli cha miti mikubwa, na hata mchana hautesi. Mchukue mwongozaji wa langoni akuonyeshe visima na vyoo vya nyumba. Ukizunguka peke yako utaona kuta tu.