Vidole vitatu kwenye tachipadi ya Linux: pima kwanza, ndipo usakinishe

Msomaji ameniandikia kwamba ametia libinput-gestures na Touchégg, programu mbili za kugeuza mwendo wa vidole kuwa amri, kwenye laptopu yake ya Xfce (mazingira mepesi ya eneokazi), na sasa akitelezesha vidole vitatu, mara dirisha linakua, mara linaruka eneo jingine. Programu mbili zinasikiliza tachipadi moja, na kila moja inatii. Baki na moja tu.

Kabla ya hapo, andika kwenye terminali `echo $XDG_SESSION_TYPE`. Jibu linataja mfumo unaochora madirisha kwenye skrini. Ukijibiwa `wayland` na unatumia eneokazi la GNOME 40 au jipya zaidi, usisakinishe chochote: vidole vitatu juu hufungua mwonekano wa madirisha yote, na kwenda kando hubadilisha maeneo ya kazi. Ukijibiwa `x11`, mfumo wa zamani zaidi, kazi ni yako.

Sasa pima tachipadi yenyewe, hatua ambayo wengi huiruka kisha wakapoteza jioni nzima. Sakinisha `libinput-tools`, endesha `sudo libinput debug-events`, telezesha vidole vitatu taratibu. Unatafuta mistari ya `GESTURE_SWIPE_BEGIN`, kisha `GESTURE_SWIPE_UPDATE` mingi yenye namba 3 baada ya muda. Ukiona `GESTURE_HOLD_BEGIN` kwanza usishtuke, vidole vilitua kabla ya kusogea. Ukiona `POINTER_MOTION` (mwendo wa kishale) peke yake, angalia `sudo libinput list-devices`. Tachipadi ikijitaja kama kipanya cha PS/2 (aina ya kipanya ya zamani), keneli, yaani kiini cha Linux, haioni vidole, na hakuna programu ya juu itakayokusaidia. Kwenye baadhi ya laptopu zenye tachipadi ya Synaptics, kuongeza `psmouse.synaptics_intertouch=1` kwenye vigezo vya kuwashia keneli hutatua.

Kati ya zile mbili, mimi nashikilia Touchégg. Libinput-gestures inakutaka ujiunge na kundi la watumiaji liitwalo `input`, na ukishajiunga, programu yoyote unayoiendesha inaweza kusoma vitufe unavyobonyeza, nywila zikiwemo. Touchégg huacha kazi ya kusoma tachipadi kwa huduma ya mfumo. Kwa hiyo sitisha libinput-gestures, iondoe, kisha ujitoe kwenye kundi hilo kwa `sudo gpasswd -d $USER input`.

Kwenye Debian 12, `sudo apt install touchegg` inatosha. Toka kwenye akaunti, ingia tena. Nakili `/usr/share/touchegg/touchegg.conf` kwenda `~/.config/touchegg/` na uhariri nakala hiyo. Ishara ya vidole vitatu kwenda juu huanza na tagi hii:

`<gesture type="SWIPE" fingers="3" direction="UP">`

Tagi moja isiyofungwa inaharibu faili zima. Ishara ikikubali kwa kuchelewa, punguza `action_execute_threshold` kutoka 20. Ikijitokeza yenyewe unapotembeza kurasa, iongeze.

`systemctl status touchegg` ikisema huduma iko hai lakini hakuna kinachotokea, kilichokosekana ni sehemu ya Touchégg inayoendeshwa ndani ya akaunti yako. Endesha `touchegg` kwenye terminali bila sudo, usome kosa linaloandikwa hapo.