Kwa nini tamthilia za mchana za Marekani za zamani hazirudiwi

Mkuu, unauliza kwa nini tamthilia ya As the World Turns ya zamani haipatikani wakati muvi za miaka hiyohiyo zimejaa kila kona. Kwanza nyingi hazipo kabisa. Ile ilianza 1956 na ilikuwa inarushwa laivu mpaka 1975, na hata tamthilia za mchana zilizorekodiwa, tepu zilikuwa ghali hivyo walikuwa wanafuta wanarekodi kitu kingine juu yake, nani angewaza kuna mtu ataitaka baadaye?

Zilizobaki nazo ni msala. Guiding Light, tamthilia nyingine ya mchana, peke yake ina episodi zaidi ya 15,000, sasa hizo utazipanga kwenye DVD ngapi, halafu waigizaji wanataka chao, waandishi chao, na nyimbo zilizopigwa humo ndani zina wenyewe. Chaneli ya SOAPnet ya Disney ilikuwa inaonyesha marudio tangu 2000, ikafungwa 2013.

Kama unataka kuanza mahali, chukua Dark Shadows ya 1966 mpaka 1971, karibu episodi zote 1,225 zipo na zilitoka kwenye DVD (ina vampaya ndani, utazoea tu). Hiyo As the World Turns yako jaribu YouTube, kuna mashabiki wanapandisha walizorekodi kwenye VHS, ila zinaweza kutolewa muda wowote kwa hiyo ukiiona usiiweke kiporo.