Kihisi cha sukari na kuchoma kidole

Dada, umeuliza kama mama akiwekewa Eversense 365, kihisi cha kupima sukari mwilini, huko Marekani ataachana kabisa na kuchoma kidole ili kupima sukari kwenye damu. Hapana, ingawa najua vidole vyake vimeshakuwa sugu. Kile kijiti kinachopandikizwa chini ya ngozi ya mkono kina jeli yenye maji. Sukari ikinasa humo, jeli hung'aa zaidi inapomulikwa, na kifaa kilichobandikwa juu ya ngozi husoma mng'ao huo. Lazima ulinganishwe na tone la damu: kila siku takriban wiki 2 za mwanzo, kisha mara 1 kwa wiki.

Ninachokusihi zaidi: akiandikiwa doksisaiklini, aina ya antibiotiki, amwambie daktari ana kihisi. Dawa hiyo yaweza kukifanya kionyeshe sukari iko chini kuliko ilivyo, naye akaharakisha kunywa soda. Siku hizo aamini kidole.