Mkuu unayeenda Honolulu, hilo neno "haole" liache hapo JNIA

Mkuu acha. Acha kabisa. Nimesoma uzi wako nikiwa kwenye daladala nikashuka kituo kimoja kabla ya changu ili nipate pa kukaa nikujibu, na jua lenyewe mnalijua.

Yaani unaenda Honolulu, kwenye visiwa vya Hawaii vya Marekani, mwezi wa nane kusoma masta, unauliza chumba shingapi, ubebe koti au usibebe, mtu mweusi anachukuliwaje kule, sawa, maswali ya maana. Halafu mwishoni unachomeka kama utani kwamba umeshajifunza neno "haole", eti ni "mzungu" kwa Kihawaii, na utaanza nalo ili uzoeane na watu haraka. Na jamaa wa jibu la tatu anakupigia makofi, "safi sana mkuu, wenyeji watakupenda". Huyo wa jibu la tatu hajafika hata Pemba, nina uhakika.

Mimi nimekaa kule miaka minne. Hilo neno lilinitoa kwenye nyumba ya watu.

Nianze na aliyenipoteza, maana bado nina hasira naye. Kulikuwa na Mswahili mwenzetu, simtaji, ndiye aliyenipokea airport. Akanivisha shada la maua shingoni, akaniingiza kwenye gari, na kabla hatujafika mjini alikuwa ameshanipa kozi nzima ya lugha: haole ni mzungu, hapa ni chotara, popolo ni sisi weusi, malihini ni mgeni, kamaaina ni mwenyeji. Kwisha habari. "Yatumie mdogo wangu, utaonekana wa hapahapa." Alikuwa na miaka tisa kule. Sasa mtu mwenye miaka tisa mahali wewe uliyeshuka leo utambishia nini? Baadaye ndio nikaja kugundua kwamba hiyo miaka tisa yote alikuwa akitoka kazini anaingia chumbani anaangalia mechi. Lugha kaiokotea kwenye parking.

Hilo la "hapa" lenyewe lilinitesa mwezi mzima, mtu akisema fulani ni hapa mimi nageuka kuangalia, hapa wapi?

Nikapata chumba Kalihi, kwa mama mmoja mzawa kabisa, Mhawaii wa damu, makamo ya bibi yangu, mtaa mzima unamwita Anti. Dola 650 kwa mwezi, umeme humohumo. Jumapili ananiwekea sahani, wali, samaki, na poi, ule uji wao wa magimbi wa rangi ya zambarau ambao siku ya kwanza nilidhani ni gundi na mwezi wa tatu nikawa naulizia kama umebaki. Yaani nilikuwa nimeangukia pazuri kuliko ninavyostahili.

Mwezi wa tano mjukuu wake akatimiza mwaka. Birthday ya mwaka mmoja kule si keki na juisi, ni shughuli kama harusi, turubai uwanjani, ndugu kutoka kisiwa kingine wamepanda ndege, maboksi ya barafu yamejaa vinywaji, ndala mlangoni zimerundikana kama Ijumaa msikitini. Mimi nimo, nagawa sahani, najiona mtoto wa nyumbani. Sasa kulikuwa na mjukuu mwingine, wa miaka tisa hivi, nywele rangi ya majani makavu, macho ya kijani, baba yake mzungu wa Marekani bara aliyeondoka zamani. Anachezea mpira pembeni. Nikataka kuonyesha kwamba mimi lugha ninayo. Nikaita kwa sauti, watu wote wanasikia: "Oya haole mdogo, niletee soda!"

Nikacheka. Peke yangu.

Wale wa ukulele, vile vigitaa vyao vidogo, waliendelea kidogo kisha wakaacha mmojammoja. Anti alikuwa anapakua saladi ya makaroni, kijiko kikabaki hewani, nakiona mpaka leo kile kijiko. Mtoto hakulia. Aliuweka mpira chini polepole kama yai akaingia ndani, mama yake nyuma yake.

Ningeomba radhi pale ingeisha. Lakini mimi mtoto wa Mbagala ninyamaze? Nikajitetea! Nikawaambia jamani neno lenyewe halina ubaya, asili yake ni "ha ole", yaani asiye na pumzi, kwa sababu wazungu wa kwanza walikuwa hawasalimiani kwa kuvutiana pumzi puani kama nyie. Hadithi hii pia nilipewa na yule profesa wa parking. Yaani nimesimama na sahani mkononi nawafundisha Wahawaii Kihawaii. Nikikumbuka hapa nilipo nataka kuingia chini ya benchi.

Kuna mzee pale, kaka yake Anti, akaniita kwenye pikapu yake. Hakufoka. Akaniambia hayo ni maneno mawili tofauti. Lile la "bila" kwao lina ile alama ndogo kama koma iliyopinduka, unakata sauti kooni, na haole haina hicho kitu katikati. Na akaniambia neno ni la zamani, lilikuwepo kwa maana ya kitu cha nje, kitu kigeni, hata nguruwe, hata mti. Akanionyesha mti kando ya ukuta, "ule tunauita koa haole". Nikauangalia, mkuu, ni mlusina! Mlusina huuhuu tunaolishia mbuzi. Nimevuka bahari mbili kwenda kuaibishwa chini ya mlusina.

Halafu akanipa sababu ya mtoto kuingia ndani, na hii ndiyo hukuambiwa kwenye jibu la tatu. Sisi tukisema mzungu, mzungu anageuka anapunga mkono, anajinunulia na fulana iliyoandikwa mzungu. Kule historia haijapoa. Cook, nahodha wa Kiingereza, alifika 1778. Mwaka 1893 wafanyabiashara na watu wa sukari, huku wanamaji wa Marekani wameshushwa na bunduki zao, wakampindua malkia wao, Liliuokalani. 1896 sheria ikatoka kwamba shule ifundishe kwa Kiingereza, na yule mzee anasema bibi yake alichapwa kwa kuongea lugha yake darasani. 1898 Marekani ikavichukua visiwa. Bunge lao limekuja kuomba radhi 1993, miaka mia baada ya kumpindua malkia, kwa karatasi.

Na kwenye mashamba ya miwa haole hakuwa rangi tu, alikuwa cheo. Waliletwa Wachina, Wajapani, Wareno, Wakorea, Wafilipino, kila kabila kambi yake, mishahara kwa kabila, ili wasije wakaungana kugoma. Wareno ni weupe wale, lakini hawakuhesabiwa haole, kwa sababu walikuja kama vibarua na wengi wakaishia unyapara. Haole ni yule wa nyumba ya juu kilimani. Ukilielewa hilo ndio utaelewa kwa nini mtoto wa miaka tisa asiye na hata baiskeli likimpata hilo neno anahisi anabebeshwa mzigo wa mashamba yote. Shuleni alikuwa anapigwa kwa neno hilohilo. Watu wazima wengi kule watakusimulia ile siku ya mwisho ya muhula ambayo watoto weupe walikuwa wanaogopa kwenda shule, ina jina baya siliandiki. Yule mtoto nyumbani kwa bibi yake ndipo palikuwa mahali pake pa kupumzika na hilo neno. Mimi mpangaji nikalileta mpaka kwenye birthday.

Na usidhani upande wa pili, wa wenyeji, hawana kidonda. Mzee alinitajia Kahahawai nikadhani ni jirani, kumbe ni mambo ya 1931 na 1932. Mke wa ofisa mzungu wa jeshi la maji la Marekani alidai amebakwa, wakakamatwa vijana watano, Wahawaii wawili, Wajapani wawili, mmoja mchanganyiko wa Kichina na Kihawaii. Baraza la wazee wa mahakama likashindwa kukubaliana. Basi mume na mama mkwe wake na wanamaji wawili wakamteka Joseph Kahahawai wakamuua. Wakakutwa na hatia, miaka kumi, gavana akaipunguza ikawa saa moja. Saa moja! Waliitumikia ofisini kwake. Wanasema ndipo hili neno "local", yaani mtu wa hapohapo visiwani, lilipoanza kushika, wale watano wa makabila tofauti wakawa kitu kimoja mbele ya haole. Mzee alikuwa anasimulia kama msiba wa mwaka jana, na pale pembeni watoto wanakimbizana na maputo.

Jumatatu Anti akagonga mlango. Akasema wewe kijana mzuri, ila mtoto hataki kuja ukiwepo, na hii ni nyumba yake. Mwisho wa mwezi. Dipoziti akanirudishia yote, hata ile sahani niliyovunja hakukata. Bora angenikata. Nikahamia chumba cha dola 1,150, choo tunagawana watu wanne, miezi kumi na moja. Piga hesabu mwenyewe, dola 500 kila mwezi zaidi, jumla 5,500 kwa neno la silabi tatu. Yule profesa nilipompigia alisema "aah wale wana hasira tu". Namba yake nikaifuta siku hiyo, hata Eid sijawahi kumjibu.

Kwa hiyo kanuni yangu ni hii na utaniona mzee lakini fuata: neno la kabila la mtu lisitoke mdomoni mwako. Lolote. Hata likiwa zuri, hata wenyewe wakiitana nalo wanacheka, hata mwenyewe mweupe akijiita hivyo mbele yako, maana watajiita, wana utani wao wa kikabila hadharani kama watani wa Mngoni na Mhehe, lakini wewe si mtani, hukuwepo shambani. Mkubwa ni anko, mkubwa wa kike ni anti, basi. Hiyo wanaitumia wenyewe kutwa kwa mtu yeyote, mwenye duka, dereva wa basi. Sisi tuliokulia kwenye shikamoo hilo haliwezi kutushinda.

Halafu umeandika eti "nitakuwa Mhawaii mweusi wa kwanza"? Kwanza umechelewa, kuna mtu mweusi, Anthony Allen, aliyetoroka utumwa Marekani akajenga maisha Waikiki tangu miaka ya 1810, na babake Obama alitoka Kenya akaingia Chuo Kikuu cha Hawaii 1959, mwaka uleule Hawaii ilipofanywa jimbo. Pili, hutakuwa. Kukaa Tanga hakukufanyi Mdigo. Mhawaii ni damu, kuna ardhi kule zimetengwa kwa sheria ya 1921 na mpaka uwe na nusu ya damu ndio upewe eneo, watu wanafia kwenye foleni. Ukijiita Mhawaii ni kama umeruka hiyo foleni. Wewe ni mkaazi, na duka likikupa punguzo la kamaaina kwa kitambulisho, chukua punguzo, usichukue na ukoo.

Mtu mweusi anachukuliwaje... utaitwa popolo. Popolo ni mnavu mkuu, mnavu huu wa mboga, kwa sababu ya vile vitunda vyeusi. Wengine wanasema kwa upole wengine kwa dharau, utajua kwa sauti. Mimi nilikuwa nawaambia kwetu hiyo ni mboga ya Jumatano, wanacheka, yanaisha.

Lakini wanaopata tabu haswa siku hizi ni watu wa Micronesia, visiwa vidogo vya Pasifiki, wa Chuuk na Marshall, wanaruhusiwa kuja kwa mkataba wa 1986, na Marshall yenyewe Marekani ililipua mabomu ya nyuklia 67. Kila kejeli mbovu ya uvivu na uchafu wanabandikwa wao, na wanaowabandika ni hao waliobandikwa zamani. Jikoni nilikofanya kazi walikuwa wanapiga hayo matani nami nacheka nipate kukubalika. Mwosha vyombo nyuma yangu alikuwa wa Chuuk. Sikujua, na hakuniambia, nilijua siku alipoacha kazi. Hiyo sijaitafutia utani.

Wa jibu la tatu nakusubiri uje useme umewahi kufika lini.

Koti sijui. Mimi nilibeba mawili, yamebaki kabatini kwa Anti, niliona aibu kurudi kuyachukua.