IP mbili nyumba moja

Dada, umeuliza kwa nini printa haionekani kwenye simu: simu kupata IP (namba ya kifaa kwenye mtandao) inayoanza na 192.168.1 sebuleni na 192.168.0 ukienda uani maana yake ekstenda, kile kifaa cha kuongeza WiFi, nayo inagawa IP kama ruta, una mitandao miwili na ndo maana printa haionekani. Usiitoe, nyumba za mawe za huko Mikindani ukuta unakula sana signo. Ingia setingi za ekstenda uzime DHCP (ndiyo inayogawa IP), halafu ipe IP ya upande wa ruta, mfano 192.168.1.250, ila isiwe ileile ya ruta zitagongana, na kama umeunga kwa waya basi waya uingie tundu la LAN (la vifaa vya ndani) la ekstenda, sio WAN (la intaneti). Kisha zima vyote, washa ruta kwanza, simu iunge upya WiFi. Namba ya mwisho kutofautiana kila kifaa ni sawa kabisa, usihangaike nayo.